Pima Meza Ikiwa Chini

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba. Hapa Kanyenye sote wazima. Karanga alizokukaangia bibi yako zinakuja na treni.

Umeuliza makabati ya chini ya meza yako ya useremala, ile inayopanda na kushuka, yawe na kimo gani. Ujanani nilitengeneza ya mbao za mninga chini ya meza yangu kama hiyo, nikayapima meza ikiwa juu, kwa urefu wangu mimi. Nikajisifu sana. Asubuhi yake mwenzangu Rajabu, ambaye alikuwa akipiga randa ameketi kwa sababu ya mguu mbovu, akaishusha meza. Ikagota kwenye makabati. Alisimama akaranda kutwa nzima, jasho likimtoka.

Siku ya pili nilichukua msumeno nikayapunguza yote. Mninga ule uliniuma, lakini nilikata.

Kwa hiyo pima meza ikiwa chini kabisa, hata kama wewe ni mrefu. Siku hizi magoti yangu hayanisimamishi. Naivuta stuli, naishusha meza ile ile, naranda. Kitanda cha harusi yako nitakimaliza mwenyewe.

Babu yako,
Fundi Hamisi