Ndugu wa Sadalla

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimepata kazi! Zahanati ya Daktari Natvarlal, Mchafukoge. Tangu serikali inipunguze kwenye unesi nimekaa miezi saba nyumbani. Daktari ana mpango wa kuwatibu wanyonge: kadi. Unalipa mara moja, mwaka mzima mnatibiwa. Kaandika mwenyewe: "Mwenye kadi na ndugu zake." Nikauliza, ndugu wa namna gani? Ndugu ni ndugu, Tatu, kasema.

Jumatano, 8 Machi
Sadalla, mbeba mizigo wa sokoni, kanunua kadi ya kwanza. Daktari kapiga naye picha.

Ijumaa, 10 Machi
Ndugu wa Sadalla leo — arobaini na mmoja! Wabeba mizigo wenzake, wauza ndizi, mpaka Aristides fundi viatu, Mhaya wa Bukoba. Daktari kang'aka. Sadalla kamjibu taratibu kwamba juzijuzi tu nchi nzima tulikuwa tunaitana Ndugu, redioni kabisa, na hakuna aliyeuliza damu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi, 11 Machi
Sheria mpya. Kila mmoja ataje jina la bibi yake, lifanane na la bibi yake Sadalla. Ndugu wa nesi marufuku. Akipita wa uongo hata mmoja, kazi sina. Nimemwambia dada Fatuma. Ndiye aliyenilea, na vidonge vyake vya presha vimeisha tangu Idi. Kasema, usijali mdogo wangu, nitajua la kufanya. Hapo ndipo ningejali!

Jumatatu, 13 Machi
Foleni mpaka barabarani. Bibi nani? Mboni. Bibi nani? Mboni. Aristides naye — Mboni! Daktari kafurahi, ukoo umeshikamana.

Wa kumi na tisa — dada! Kajitanda kanga mpaka puani. Nikampima: presha iko juu, inatisha. Daktari kamwuliza, mama, unamfahamu nesi huyu? Simfahamu, kasema, macho makavu. Imeniuma. Aliyenibeba mgongoni!

Nikamwuliza jina la bibi. Kasahau! Katazama dari, kanitazama mimi, katoa la bibi yetu wa kweli: Sitara binti Abdulkadiri. Foleni nzima ikaguna. Daktari akasema, mtoe huyo.

Nimesingizia kufuata kalamu. Niko stoo, mlango nimeufunga, naandika haya. Nje Sadalla anaapa bibi alikuwa na majina mawili. Aristides anasema matatu. Daktari anagonga. Sauti yake ya upole kabisa — anauliza, Tatu, na wewe bibi yako aliitwa nani?