Mikoko Iliyopandwa Kichwa Chini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kusini Pemba
Tarehe 15 Machi 2017, saa 9:20 alasiri

Jina: Mwatum Nyange Othman
Umri: Miaka 54
Kazi: Mkulima wa mpunga
Dini: Muislamu
Makazi: Chokocho

Mtuhumiwa namjua. Mwanawema Mgeni ni wifi yangu, na makonde yetu yamepakana. Mwaka 2008 bahari ilijaa kwa bamvua ikaingia bondeni kwetu, mpunga wote ukafa kwa chumvi. Hakuja mtu kututazama. Mwanawema ndiye aliyetukusanya wanawake kumi na wanane, tukaanza kupanda mikoko pwani ili kuzuia maji. Mpaka leo imebaki sehemu moja tu iliyo wazi, na nyuma yake ndipo lilipo konde lake, analolishia wajukuu watano.

Jana Jumanne, saa 4 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, alikuja Fahmi, mratibu wa mradi wa mikoko kutoka mjini, na wageni wake kwa gari tatu. Sisi tulipewa fulana, tukaambiwa tusimame nyuma tuimbe. Viti vya wageni viliwekwa juu ya mikoko tuliyopanda mwaka jana, ikavunjika. Mgeni mmoja alihutubia kwamba wametuletea elimu ya mabadiliko ya tabianchi. Nilipompa mkono, alijipangusa kwa karatasi nami bado nimesimama mbele yake. Na hilo liandike, afande, hivyo hivyo.

Kisha wakapanda, pale pale palipobaki wazi. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama penseli. Upande mnene ndio wa mzizi, huo unaingia topeni, na kichipukizi kinabaki juu. Wao walizipanda kichwa chini zote, sitini na sita, kila moja ikafungwa kibandiko chenye jina la mgeni. Mwanawema alimwambia Fahmi mbele yao, "Hizi mmezipindua, mwanangu. Zitaoza hizi."

Fahmi alicheka. Akasema, "Bi Mwanawema, wageni washapiga picha. Waache wafurahi."

Walipoondoka waliacha chupa zao za maji juu ya tope. Tuliziokota sisi.

Leo saa 4 na nusu asubuhi, maji yalipokupwa tena, mimi na Mwanawema tulikwenda kuzigeuza. Tulizing'oa zote tukazitia ndooni, tukaanza kuzipanda upya, kila moja na kibandiko chake. Tulikuwa tumeshapanda arubaini Fahmi alipofika na askari wawili. Alisema tunaharibu mali ya mradi. Ndoo nilikuwa nimeishika mimi, lakini kidole alimnyooshea Mwanawema, kwa sababu ndiye aliyemkosoa mbele ya wageni.

Mwanawema alimuuliza, "Mradi wa nani, mwanangu? Weye bahari ishaingia kwako?" Alipakiwa garini na tope lake miguuni.

Fahmi si mgeni. Ni mtoto wa Pemba, kakulia wali wa bonde lile lile, na alijua kuwa zimepinduliwa. Aliona bora zioze kuliko wageni wake waonekane hawajui. Hilo linanitia kinyaa kuliko zile chupa.

Kama kugeuza mbegu ni kosa, andika na jina langu, maana nami niling'oa. Wifi yangu yuko ndani tangu saa 6 mchana, na konde lake liko wazi. Zile mbegu ishirini na sita zilizobaki mmezifanya kielelezo. Ziko pale mlangoni ndooni, kavu, na aliyezitia kazitia kichwa chini.

Nimesomewa niliyoyasema. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. N. Othman

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kama yalivyotolewa. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliomba maji ya bahari ya kutia ndooni. Nilimjibu kuwa kituoni hayapo. Alichuchumaa mlangoni akazigeuza mbegu zote ishirini na sita ndani ya ndoo, moja moja. Sikumzuia.

Koplo Mundhir