Maelezo Niliyotia Saini Bila Kusoma

Chumba cha nyuma,
Duka la Fotokopi,
Jumatano asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai goti lako limepunguza vituko, na shemeji presha yake imeshuka. Sisi huku wazima wa mwili. Wifi yako anakohoa kidogo, ila ulimi wake hauna homa, vijembe napigwa kama kawaida. Watoto wanakwenda shule.

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Ulipopiga simu Jumapili nilikwambia mwanao Profesa kasafiri na wanafunzi wake. Nilikudanganya, Dada. Yuko mahabusu, leo siku ya kumi na mbili. Hajapigwa, anakula, nimemwona kwa macho yangu. Kaa kitako kwanza ndipo uendelee kusoma, maana aliyemtia humo ni mimi. Kwa simu nisingeweza kukwambia.

Mwezi uliopita watu wa wilaya walifunga zahanati ya mtaani kwetu bila kutuambia kwa nini. Profesa akaandika barua kuomba watu waruhusiwe kukutana ukumbini walizungumze, basi. Watu arobaini na watatu wakatia saini, wifi yako akiwemo. Mimi sikutia. Nilisema nina duka. Nikawatolea nakala, nikajiona nimemaliza sehemu yangu.

Ubahili wangu unaujua. Nakala ikiharibika siitupi, naiweka kwenye boksi chini ya meza niwafungie wateja kazi zao. Siku ile mashine ilichora mstari mweusi katikati ya ukurasa wa majina, nikautia humo. Kesho yake akaja jirani mmoja, afisa wa usalama, kutia plastiki cheti cha binti yake. Kikatoka kingali cha moto, nikakifunga kwa karatasi ya juu kabisa kwenye boksi, kisije kikajikunja. Akanishukuru, akaondoka na majina yote, la kwanza la mwanao.

Wakaja askari watatu dukani. Mmoja akaitandaza ile karatasi mezani.

"Mzee, hii ya nani?"

"Ya mpwa wangu."

"Anaandika vizuri, eh?"

"Sana," nikasema. Dada, nilidhani anamsifu!

Mpaka leo sielewi. Barua yenyewe ilikuwa ipelekwe ofisini wilayani Jumatatu, mchana kweupe. Sasa siri iko wapi? Kosa liko wapi?

Wakamkamata Profesa, nami kituoni wakaniandikia maelezo, kurasa mbili. Mimi ninayewasomea watu mikataba yao nilitia saini bila kusoma hata mstari. "Weka hapa, mzee, wateja wanakusubiri." Nikataka kutoka tu. Wiki iliyofuata wakili wa Profesa akanisomea. Eti mpwa wangu aliniambia watauvamia ukumbi na kuuchoma moto! Neno hilo halijatoka kinywani mwake wala mwangu. Na chini yake saini yangu, ile yenye mkia.

Wakili ni mama mpole. Alinieleza kwamba mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa sababu, kumwona wakili, kukaa kimya, na kupelekwa kwa hakimu upesi. Na kwamba kukutana kwa amani na kusema unachofikiri si hisani ya mtu, yapo kwenye mkataba wa mataifa, na nchi yetu imeutia saini.

"Sasa kama imetia saini, mbona yuko ndani?"

Akaniangalia. "Si hata wewe ulitia saini, baba?"

Sijui hata sasa kama alinitania au alinihukumu.

Nilipokwenda kumwona Profesa alicheka. "Mjomba, ubahili wako umenifikisha pabaya!" Ya karatasi anayajua. Ya maelezo hayajui bado, wakili kaniachia nimwambie mwenyewe. Nilifungua mdomo nimwambie, nikajikuta namuuliza kama ana sabuni.

Ijumaa anapelekwa mahakamani. Wakili anasema hawana kingine ila maelezo yangu. Nikisimama nikayakana, huenda akatoka. Ila mimi wanaweza kunishitaki kwa kudanganya polisi, na duka wakalifunga. Asubuhi wifi yako ananiambia, "Nenda." Jioni analia, ananiuliza watoto watakula nini. Nami sijui naogopa lipi zaidi, kufungwa, au mwanao kusikia saini yangu ikisomwa mbele za watu.

Jana nimempa wakili jina langu, niwe shahidi. Usidhani ni ushujaa, hata sasa natamani nikalifute. Na kama nafanya hivi kwa ajili ya Profesa au ili nipate usingizi, hilo nalo sijui.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu shemeji usimfiche. Mpe salamu zangu, na binti yako mkubwa, na mapacha. Wifi yako anakusalimu, anasema ujikaze.

Mungu akutazame huko uliko, akupe nguvu ya kuipokea hii.

Barua itakufikia baada ya Ijumaa, kwa hiyo unapoisoma unajua nisichokijua mimi ninayeandika. Kama aliyekupigia simu ni Profesa, basi nilisimama nikasema. Kama ni wifi yako, msikilize mpaka mwisho kabla ya kunilaani.

Ndimi nikupendaye, niliyekukosea,
Mdogo wako wa mwisho.