Kiondo Kilichozunguka Kushoto

Siakago,
14 Septemba 1999

Dada yangu Jedidah,

Salamu nyingi zikufikie huko Githongo, wewe, shemeji Riungu na watoto. Je, mgongo umepata nafuu? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, ila jua ni kali, na mimi nimejaa hasira hadi chai hainishuki.

Unajua Purity wangu alimaliza kozi ya kompyuta Nairobi. Katika ukoo wetu wote hakuna mwingine, niseme tu ukweli. Basi ametengenezea kikundi chetu cha viondo ukurasa wa intaneti. Mtu akiwa Ujerumani anafungua kompyuta, anaiona Siakago! Pembeni ameweka rangi ya udongo wetu, kisha majina yetu yote, na juu kabisa kiondo kimoja kikubwa, chini yake jina langu. Kwa vile hapa hatuna kompyuta, alituchapishia kwenye karatasi, akazileta kwenye mkutano wa Alhamisi.

Nilingoja makofi. Karimi, mwenyekiti wetu, akavaa miwani, akafuata uzi wa kitako cha kile kiondo kwa kidole, akauliza tangu lini Mama Purity anasuka kwa mkono wa kushoto. Uzi umezunguka kushoto, akasema, na mimi kila mtu anajua nazungusha kulia. Nikajibu haraka kwamba ni kompyuta imegeuza picha, kama kioo.

Wee! Hapo wakamrukia mtoto wangu. Karimi akasema mashine inayogeuza kiondo leo, kesho itageuza na majina, wazungu waagize kiondo waletewe kofia. Mwingine akamwomba Purity ampigie picha mbuzi wake, labda atatoka ng'ombe. Walicheka wakishika mbavu! Kisha wakaamua kazi apewe fundi mwingine huko Embu. Hebu niambie, hiyo ni shukrani gani? Miezi mitatu mtoto amewafanyia kazi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kuwasha hiyo kompyuta!

Purity alirudi nyumbani akatandaza karatasi zake mezani, na mpaka leo anatafuta kosa lake. Ananiuliza, mama, nilikosea wapi? Hata githeri, chakula anachokipenda, haigusi.

Dada, kompyuta haikugeuza kitu. Kiondo kile ni chako, kile ulichonisukia kwa mkono wako wa kushoto nilipoolewa. Purity aliponiomba kiondo changu kizuri kuliko vyote, nilikitoa sandukuni nikasema nimekisuka mimi. Vyangu ni vizuri pia, usinielewe vibaya, lakini si kama hicho. Nilitaka nionekane Ujerumani. Wiki nzima nimewakasirikia wale wanawake, na Karimi aliona sawasawa.

Alhamisi nitasimama niwaambie. Ila kwa mtoto wangu mdomo umekataa kufunguka. Ndiyo maana nimemtuma yeye mwenyewe akuletee barua hii na asali kidogo. Bahasha sikuifunga kwa gundi, lakini najua hataichungulia, maana nimemlea vizuri.

Nisalimie watoto, Mwenda na wadogo zake, na huo mgongo usiubebeshe kuni. Ukimaliza kusoma, mkaribishe Purity aketi, umpe chakula kwanza. Akishashiba, mpe barua aisome. Kisha aandike jina lako chini ya picha.

Mdogo wako anayekupenda,
Igoki, Mama Purity