Zamu Yangu ya Kikoa

Likoni, Ijumaa jioni

Dada yangu mpenzi Zainabu, shikamoo.

Nakuandikia kukuomba uje Likoni unisaidie kupika wali wa nazi.

Ofisi ilinituma kwa kikundi cha akina mama ambao kisima chao kimeingia chumvi, nao wanaomba ufadhili wa birika la maji ya mvua. Walinikaribisha kwa samaki wa kupaka mtamu ajabu. Nilipokwisha kula, nikauliza mwenyekiti wao ni nani.

“Leo ni mimi, mwanangu,” akajibu Bi Rukia, aliyekuwa akipakua. “Juma lililopita alikuwa Bi Mishi. Mambo yetu ni kikoa: mwenye zamu ya kupika ndiye mwenye kiti.”

Nikaeleza kwa ufasaha kwamba wafadhili hupendelea mwenyekiti wa kudumu.

“Wa kudumu!” Bi Mishi akacheka. “Maskini, atapika peke yake hata lini?”

Nilipoaga, Bi Rukia akaniambia, “Umeshakula, baba. Ijumaa ijayo zamu yako.”

Siku hiyo hiyo mkubwa wangu anakuja kuamua iwapo birika litajengwa, na mwenyekiti atakayemkuta ni mimi, mwiko mkononi! Nimekubali kwa furaha, ila wali wangu waujua, dada, na sitaki akina mama hawa wakose maji kwa sababu yake.

Nisalimie Mama, umwambie nimenenepa. Chukua mbuzi yako ya kukunia nazi. Mimi mdogo wako Salimu nitakungoja feri, upande wa Likoni, Alhamisi saa kumi alasiri, inshallah.