Fumbo Lililofunguliwa na Mama wa Mapacha

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Mama Blandine, naomba msaada maana Jumamosi imekaribia na sili vizuri. Niko mwaka wa sita wa sekondari hapa Kolwezi, na kwa shindano la sayansi nimebuni njia mpya ya kuficha ujumbe, kila herufi inabadilishwa kwa kufuata herufi za majina ya watoto wa familia moja, basi nikabandika ukutani ujumbe wa siri, maelezo yote ya njia, na jina la kwanza tu, Kyungu, darasa zima wakahangaika na hesabu wiki nzima wakashindwa, na mwalimu wetu Prof Kalumba akatuma mradi fainali ya Jumamosi, Lubumbashi. Sasa Jumatatu mama Mushiya, anayeuza mikate kwenye geti la shule, akaniita akanisomea ujumbe wangu neno kwa neno! Nikamuuliza amewezaje, akacheka: "Mutoto, mi nilizala mapasa! Nyuma ya Kyungu ni Kabange tu, kila mutu anajua ile." Na mimi Mluba, kwetu mapacha wote huitwa Kyungu na Kabange, hata nyumbani wapo, sikuona! Sasa nimeandika herufi kwenye vizibo vya chupa, natikisa sufuria, nachota bila kuangalia, narudisha, nachota tena, mpaka herufi zilizotoka, ndizo ufunguo, zitoshe ujumbe mzima. Lakini Prof anasema kuhusu majaji wa fainali: "Nyamaza, Honorine. Mu jury hamuna mama ya mapasa." Niseme au ninyamaze? Chini nimeweka mstari mmoja wa njia mpya, ujaribu.

Honorine, pokea pongezi kwanza, halafu kaa nikugombeze. Jina la Kabange umelisikia tangu unanyonya, ukalifanya siri? Siri gani inayojulikana na kila shangazi wa Lubudi! Na Prof wako namheshimu, ila hapo amekosea kabisa. Ukinyamaza, utasimama Lubumbashi ukitetea kitu unachojua kimevunjika, na swali moja tu litakumaliza.

Kesho asubuhi mwambie Prof kwa adabu, mbele ya prefe, mkuu wa shule. Peleka karatasi zote mbili: ile iliyofunguliwa, na jina la mama Mushiya juu yake kwa herufi kubwa, na hii ya vizibo.

Maana huo mstari wako nimeusoma redioni, nikaeleza na njia yote, jina lako sikulitaja. Wamepiga simu toka Tenke hadi Kisenge, hakuna aliyeufungua. Mama Mushiya nilimwita studio. Alihangaika na kalamu asubuhi nzima, akajaribu majina ya ukoo wake wote, mwisho akaitupa kalamu mezani, akapiga vigelegele: "Ule mutoto amenishinda!"

Mbele ya jury, anza na hapo.