Papa Alikwisha Kuaga

Bihambwe, 4 Machi 1953

Kaka yangu Rugamba,

Salamu kutoka nyumbani. U mzima? Mgodi unakuachia usingizi? Mimi sijambo, ila Papa sivyo. Kile kinundu chekundu shingoni kimekua, kikiguswa tu damu inatoka. Dokta amekata kipande kidogo kipelekwe Ulaya kuchunguzwa kwa darubini, lakini anasema kwa macho yake ni kansa, na mwaka hautaisha.

Nilimsihi Papa tungoje jibu. Akakataa. Juzi aliita ukoo wote zizini, akagawa ng'ombe wake kama mtu anayekufa: nusu kwako, nusu kwa baba mdogo Kabera. "Sitaki mugombane juu ya kaburi yangu," alisema. "Neno yangu ya mwisho njo hii." Akatubariki. Nililia hata nikaona aibu. Njoo, Kaka.

Dada yako, Libérata

Kibua, 2 Aprili 1953

Dada mpenzi,

Barua yako ilinikuta mzima. Sasa nguvu zimeniisha. Nimeomba ruhusa, wakubwa wa mgodi wamekataa. Basi ng'ombe wangu wapelekwe upesi kwa baba yake Mukandori, mchumba wangu, wawe mahari. Papa ajue kabla ya kufa kwamba nimepata mke. Nifanye nini zaidi nikiwa huku?

Kaka yako, Rugamba

Bihambwe, 19 Agosti 1953

Kaka,

Unaendeleaje? Wifi Mukandori anakusalimu. Jibu la Ulaya limefika: si kansa! Ni mishipa midogo ya damu iliyojisokota pamoja, jambo la nadra, halina ubaya, hata dokta lilimdanganya. Amekikata kile kinundu, kidonda kimefunga. Tulipiga vigelegele.

Kesho yake Papa alichukua kibuyu cha maziwa, akaenda zizini. Baba mdogo akamzuia mlangoni, kwa upole: "Kaka, uliisha kuaga. Hizi ngombe haiko zako tena." Wazee wa ukoo wakasema hivyo hivyo. Wale wako nao wapo kwa wakwe; siwezi kukulaumu. Nilimwambia Papa adai. Akanikemea: "Nilisema neno ya mwisho. Nikisema ingine, ile ilikuwa nini?"

Sasa baba mdogo humletea maziwa kila asubuhi, naye hupokea kwa mikono miwili, anashukuru kama mgeni. Nakasirika, na sina wa kumkasirikia.

Jana Papa aliniuliza polepole: "Libérata, dokta alikosea mara ya kwanza. Haiwezekani amekosea tena?"

Nilimtazama usoni, Kaka. Hakuwa anaogopa.

Dada yako, Libérata